Kabla ya Kununua Laptopu Mpya, Tazama Kwanza Diski ya Ile Uliyo Nayo

Wateja wengi wanaotuletea laptopu hapa Lamu mjini huja na lalamiko moja: mashine huchukua dakika kadhaa kuwaka, na hata ikishawaka, faili dogo tu la hesabu za duka hufunguka kwa taabu. Baadhi yao huwa wameshaanza kuweka pesa za kununua nyingine. Kwa laptopu nyingi za miaka kumi hivi iliyopita, ushauri wetu ni kubadilisha diski na kutia SSD (hifadhi inayotunza data katika chipu za kielektroniki), kazi ambayo gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya.

Diski ya zamani ina visahani ambavyo, katika laptopu nyingi, huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea. Windows inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vya data vilivyotawanyika, na kichwa hicho hulazimika kuhama huku na huko kukitafuta kimoja baada ya kingine. Ukifungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kazi zinazoendelea) wakati huo utaona diski imefika asilimia 100 na kuganda hapo, ilhali prosesa haina kazi kubwa. SSD haina kitu chochote kinachosogea ndani yake. Hata ile ya kawaida inayotumia SATA, kiungio kilekile cha diski za zamani, husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya laptopu hufika kama 100, ingawa faida kubwa zaidi huonekana katika vile vipande vidogo.

Kwetu sisi watu wa visiwani kuna sababu nyingine. Kompyuta husafirishwa kwa boti kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha hubebwa kwa mkono au kwa punda vichochoroni, na ikitikiswa huku imewaka, kichwa kinaweza kugusa kisahani na kukikwaruza. Mlio wa tik-tik unaojirudia mara nyingi ni dalili ya diski ya namna hiyo. Ukiusikia, izime mashine mara moja na uilete. SSD haina hatari hiyo. Hata hivyo, hewa yetu ya chumvi hula viungio vya shaba vya diski za aina zote mbili, kwa hiyo usiiache mashine barazani usiku kucha.

Kuhusu bei, mwaka 2008 Intel ilitoa SSD ya gigabaiti 80 kwa dola 595. Kufikia mwaka 2023, SSD ya terabaiti 1 ilipatikana katika soko la kimataifa kwa chini ya dola 50. Viwanda vilijifunza kupanga seli za kumbukumbu ghorofa juu ya ghorofa, kuanzia tabaka 24 za Samsung mwaka 2013 hadi zaidi ya 200 siku hizi, na kuweka biti (vipande vidogo kabisa vya data) tatu au nne katika seli moja. Bei haishuki moja kwa moja, lakini: viwanda vilipunguza uzalishaji, na mwaka 2024 ikapanda tena. Kwa kazi za ofisi, gigabaiti 240 au 256 zinatosha, na hatuoni haja ya mteja kulipia zaidi.

Jihadhari na SSD ya terabaiti nyingi inayouzwa kwa bei ya kutupa. Nyingine hudanganya ukubwa wake, na mafaili huanza kuharibika nafasi halisi inapojaa. Sisi huijaza kila diski na kuisoma yote kabla ya kuifunga. Vilevile, laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2, au ambayo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mkuu, hatutakushauri uitilie gharama hiyo.

Tafadhali usidhani kwamba SSD haifi. Inaweza kuzimika ghafla bila mlio wala onyo, umeme ukikatika inaweza kupoteza data iliyokuwa ikiandikwa, na kuokoa mafaili yaliyofutwa ndani yake ni vigumu kuliko katika diski ya zamani. Ndiyo maana, kama diski yako ya awali bado ni nzima, tukishanakili kila kitu huitia katika kasha la USB na kukurudishia, uitumie kuwekea nakala za akiba. Unapotuletea mashine, njoo na chaja yake, na uwe unakumbuka nenosiri lako.