Paa la Mama

Kirumba, Mwanza
Mwishoni mwa Agosti

Ndugu yangu,

Mwangaluka. Huku tu wazima. Mama naye hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda kutoka barabarani.

Jumamosi nilikwenda kuliangalia paa kama ulivyoniomba. Hela ya rangi uliyotuma ninayo bado, na ninakuomba tusiinunulie rangi.

Nilianzia kwenye lile jiwe la nyuma, tulikokuwa tunakaa kutazama mitumbwi ikirudi Mwaloni. Ukiwa pale paa lote unaliona. Upande wa mbele bati zimepauka, zina kutu ya juujuu kuzunguka misumari. Hiyo haikunitisha. Mipira ya misumari imekauka na kupasuka, kwa hiyo upepo wa ziwani ukivuma bati linachezacheza na tundu linapanuka. Huko misumari mipya inatosha.

Upande wa jikoni ndio ulionitia huzuni. Hata kutoka kwenye jiwe unaona paa limebonyea karibu na kofia, pale juu pande mbili zinapokutana. Nikapanda darini saa sita mchana, nikamwomba Mama afunge madirisha, nikatulia mpaka macho yakazoea giza. Ndugu yangu, vitundu vya mwanga vilijaa juu yangu kama nyota. Nilihesabu mpaka 40 nikaacha. Vingi haviko penye misumari. Viko katikati ya bati na kwenye mapishano, na kutu imetokea ndani. Moshi wa kuni na mvuke wa miaka yote hiyo vimekula zinki inayokinga bati, kwa chini, mahali ambapo sisi sote hatukuwahi kutazama. Bati likishafika hapo lami ya kuzibia matundu haina pa kushika. Ukiziba tundu hili, jirani yake linafunguka.

Halafu nikachukua bisibisi nikaanza kuchoma mbao. Mbao nzima hugoma. Papi tatu za upande ule, zile mbao zinazopigiliwa bati, zilipokea ncha kama kiazi kilichochemshwa, na nilipoichomoa ilitoka na maji. Msumari utang'ata nini hapo? Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba papi, ni nzima, isipokuwa moja iliyo juu ya jiko ambayo mchwa wameipandia kutoka ukutani.

Mama hajakwambia, na hatakwambia, kwa sababu anasema una ada za watoto. Kitanda chake amekisogeza mpaka kimegusa kabati. Juu ya pale kilipokuwa, singibodi ya dari ina doa la kahawia, duara ndani ya duara, kila mvua kubwa imeacha lake. Masika iliyopita alilala na sufuria mbili na ndoo.

Fundi mmoja alinishauri tupigilie bati mpya juu ya zile za zamani, kazi ya siku moja. Nilimkatalia. Papi zilizooza zitabeba uzito maradufu, na unyevu utanaswa katikati uendelee kuzila.

Ninavyoona mimi, tung'oe upande wote wa jikoni. Tubadilishe ile kenchi moja, tuweke papi mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, na bati za geji 28. Dukani watakusifia geji 32 kwa bei yake, lakini namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na Mama hawezi kuanza tena habari hii baada ya miaka michache. Upande wa mbele tubadilishe misumari tu. Jiko la kuni nitalijengea kibanda uani, mbao zilizobaki zitatosha.

Vuli ikianza Oktoba hatutaweza kuacha nyumba wazi hata usiku mmoja, kwa hiyo nataka fundi aanze wiki ya pili ya Septemba. Vipimo ninavyo. Nipigie Jumapili jioni nitakapokuwa kwa Mama, uniambie una kiasi gani mkononi, kinachopungua tukitafute wote. Na umwambie wewe mwenyewe kwamba unajua kuhusu ile ndoo.

Shemeji na watoto wasalimie sana.

Ni mimi, rafiki yako wa Kirumba