Udumavu unadhoofisha nguvukazi ya kesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi, ulikuwa na takriban asilimia 57. Chakula kipo. Tatizo ni mtoto kushindishwa na uji mtupu wa sembe, wakati maharage, mayai na maparachichi ya nyumbani kwao yanapakiwa kwenye gari kwenda sokoni, na mama mjamzito akishinda shambani bila kupumzika. Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika siku 1,000 za mwanzo tangu mimba kutungwa, hivyo elimu bila ada, ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, humkuta mtoto huyo ameshapungukiwa.

Naziomba halmashauri zetu zitoe fedha za lishe kwa wakati, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe posho, kwani wao ndio wanaofika hadi jikoni kumwonesha mama namna ya kuchanganya karanga na dagaa katika uji. Akina baba nao wahudhurie kliniki.

Mzazi na mkulima,
Kilolo, Iringa