Anza na Sura ya Tatu

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mpendwa Nekesa,

Salamu kwako na kwa wote huko Kakamega. Umeniuliza uanze lini kujiandaa kwa uhadhiri, ilhali tasnifu imebakiza sura mbili. Anza sasa, dada, na uanze na sura ya tatu.

Hiyo ndiyo yenye mbinu yako mpya ya takwimu, kwa hivyo ndiyo makala yako ya kwanza. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala mbili katika majarida yanayohakikiwa, na uhakiki humeza miezi, pengine mwaka mzima. Jarida linaloahidi kukuchapisha kwa wiki moja ukilipa, liepuke kabisa. Jopo la usaili litalitambua.

Ila kabla ya kutuma, rudi kwenye jedwali lako la pili. Umeandika kwamba masafa ya asilimia 95, yale yanayopaswa kunasa thamani halisi mara 95 kwa mia, yameinasa mara 93.6 kwa mia, na uigaji, yaani kuijaribu mbinu kwa data bandia ya kompyuta, umeurudia mara 500. Kwa marudio 500, kosa sanifu la kadirio hilo, yaani kiasi linachoyumba kwa bahati, ni karibu asilimia 1, kwa hivyo hiyo 93.6 yaweza kuwa bahati tu. Rudia mara 10,000: kosa litashuka hadi kama 0.2. Ikibaki 93.6 hata hapo, mbinu ina kasoro, na ningeshuku kwanza uchache wa vijiji katika data yako, maana vikundi vikiwa vichache kosa sanifu hukadiriwa dogo kuliko lilivyo. Andika mbegu ya namba nasibu, ile namba ya kuanzia inayofanya matokeo yarudiwe vilevile, ndani ya programu, na uhifadhi matokeo kila baada ya marudio 100 ili stima ikipotea usianze upya. Mhakiki makini huanzia hapo hapo.

Warejelewa, wale watakaokuandikia barua za kuombea kazi, ni watatu, mmoja awe wa nje ya chuo chako. Wape mwezi mzima, pamoja na wasifukazi, makala na muhtasari wa ukurasa mmoja; asiye na hivyo ataandika barua ya maneno matupu. Nafasi nyingi za uhadhiri za Marekani hufungwa kati ya Oktoba na Desemba, basi waombe mapema.

Idara ikikupa somo la takwimu kwa wanafunzi wa uuguzi, likubali. Weka mpango wa somo, mtihani na mwongozo wa kusahihisha katika faili moja.

Mhadhara wa usaili huharibika pale mtu anapotumia dakika 20 kuthibitisha nadharia kabla wasikilizaji hawajajua tatizo ni lipi. Anza na malaria ya vijiji vya Siaya, dakika tano nzima, ndipo ulete mlinganyo mmoja tu. Uthibitisho uweke kwenye slaidi za akiba, atakayetaka ataulizia.

Nitumie jedwali jipya ukilimaliza, nilisome mstari kwa mstari.

Wako,
Ouma