Usiihamishie kampuni jina la shemeji

Swahiba wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Habari ya kuteuliwa kwako kwenye bodi ya taasisi ya umma imenifurahisha mno, hongera sana. Ila lile uliloniandikia mwishoni, kwamba kampuni yako utaihamishia jina la shemeji ili uingie ukiwa msafi, limenikosesha usingizi.

Mlango huo watu waliuona zamani. Azimio la Arusha, Februari 1967, liliwakataza viongozi wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, na wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa wakurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Kisha likaeleza kuwa kiongozi ni mtu pamoja na mke au mume wake. Kenya ilishika njia nyingine: mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyoangalia utumishi wa umma, ikaona mtumishi wa umma anaweza kufanya biashara zake. Imewachukua hadi Katiba ya 2010, ibara ya 77, kumzuia afisa wa Serikali wa muda wote asifanye kazi nyingine ya kipato.

Najua wewe si mwizi. Lakini nilishakaa kwenye kamati ya zabuni. Siku moja tulifungua bahasha, moja ikawa ya mdogo wake mwenzetu, na sote tulijua. Mwenzetu hakumtetea mtu. Alikaa tu, anachezea kifuniko cha kalamu. Mhasibu wetu, ambaye siku zote hupitia bei mstari kwa mstari, alisoma jumla akafunga faili. Mimi nilikuwa na swali juu ya muda wa kukabidhi kazi, nikalimeza. Zabuni ikapita. Huenda ndiyo iliyostahili. Sijui mpaka leo, na naamini hata mwenzetu hajui. Uaminifu wake haukutusaidia kitu, kwa sababu waliofungwa midomo tulikuwa sisi.

Kwa hiyo tangaza maslahi yako kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza, na ya shemeji pia. Likija jambo linaloigusa kampuni, usikae kimya kitini. Toka nje kabisa, na muhtasari uandike kuwa ulitoka na saa uliyorudi.

Hiyo inafaa kama jambo lenyewe hutokea mara moja moja. Ikiwa kampuni inaishi kwa kazi za taasisi hiyohiyo, utakuwa unatoka nje kila kikao, na hapo itabidi uchague: kampuni au kiti.

Nakuomba leo usiku ukae na shemeji mfungue daftari la wateja. Mkiiona taasisi hiyo humo, nipigie kabla hujasaini barua ya kukubali uteuzi, hata iwe saa nane za usiku.

Ni mimi,
swahiba wako