Daftari la Madeni: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Steji ya Pipeline

Wanangu makanga, madereva, watu wa bodaboda na nyinyi wapiga debe,

Hamjambo. Ni mimi shosho wa kioski cha kijani, yule mnayemgongea dirisha alfajiri kabla gari la kwanza halijajaa. Tangu Jumatatu mmeona lile kopo la sigara halipo tena kando ya peremende, na kile kiberiti cha gesi kilichokuwa kikining'inia dirishani kwa uzi nimekikata. Mmoja wenu aliniuliza kama kanjo wamenishika. Hawajanishika. Mwingine akasema shosho ameokoka. Niliokoka mwaka wa 1994 na bado nikaja kuuza sigara, kwa hiyo si hilo. Nawaandikia kwa sababu stejini hamsikilizi mtu hadi mwisho. Gari likijaa mnaruka mlangoni na maneno yangu yanabaki hewani.

Nianze na kosa langu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Inataka pakiti isiyopungua sigara 10, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mimi niliuza moja moja miaka 16. Nilijiambia kwamba walioitunga sheria hiyo hawaujui mfuko wa makanga: nani ana pesa ya pakiti saa kumi na moja alfajiri? Sasa ndipo naielewa. Pesa ya pakiti nzima ingemfanya kijana asimame kidogo afikirie, lakini shilingi 20 haimsimamishi mtu. Nikikosa chenji, ananiambia, "Shosho, weka moja basi." Hivyo ndivyo wengine wenu mlivyoanza, na mmoja nilimuuzia akiwa bado na sweta ya shule. Leo ni dereva. Anajijua, na nimemwomba msamaha uso kwa uso.

Mnalijua daftari langu la madeni. Majina siandiki, naandika kofia ya mtu au gari lake: "Kofia nyekundu, fegi 3, mandazi 2." Wiki iliyopita nilikaa nalo nikahesabu ukurasa kwa ukurasa. Kuna mmoja wenu anayeapa kwamba huvuta moja mbili tu. Daftari linasema nane kwa siku. Nane kwa shilingi 20 ni 160, na kwa mwaka ni 58,400. Mwanangu, na kila tarehe tano unapita njia ya nyuma kumkwepa landilodi.

Hata angekuwa anavuta moja tu kweli, asingekuwa salama. Binti yangu ni muuguzi, na ndiye aliyenieleza: kwa upande wa moyo, sigara moja kwa siku huleta karibu nusu ya hatari inayomkabili anayevuta 20. Mimi nilidhani hesabu ni ya kugawanya, kwamba moja ni sehemu ya ishirini tu. Moyo hauhesabu hivyo.

Lakini kilichonifanya niondoe lile kopo ni mume wangu, mzee wangu. Wa zamani hapa mnamkumbuka, fundi wa kuchomelea aliyekuwa akiinua geti la chuma peke yake huku vijana wawili wakimtazama. Alianza kuvuta akiwa na miaka 19. Nilipofungua kioski akawa mteja wangu wa pekee asiyeandikwa daftarini. Kikohozi chake cha asubuhi tulikizoea kama jogoo. Tulisema ni vumbi la Pipeline, kisha tukasema ni moshi wa kuchomelea, kisha baridi ya Julai. Sigara hakuna aliyeitaja. Ningeitajaje, na ndiyo iliyokuwa ikilipa karo?

Tunakaa ghorofa ya tano, na majumba ya huku mnayajua, lifti hakuna. Mwanzoni alianza kupumzika akifika ghorofa ya nne, akijifanya anaongea na simu. Mwaka uliofuata simu hiyo ikawa inalia ghorofa ya tatu. Halafu ya pili. Siku moja nilimkuta ameketi ngazi za chini kabisa, midomo imegeuka rangi, simu mkononi haina hata chaji.

Hospitalini walimpulizisha kwenye mrija wa mashine ili wapime pumzi yake. Daktari akatuchorea kwenye karatasi. Mapafu, alisema, yana mamilioni ya vifuko vidogo, na kwenye kuta zake nyembamba ndipo hewa safi inapoingia katika damu. Moshi unazila kuta hizo hadi vifuko vingi vidogo vinakuwa mashimo makubwa, nazo njia za hewa zinavimba na kujaa makohozi. Moshi wa kuchomelea nao ulichangia, hakuficha, ila sigara ndiyo iliyotangulia. Dawa ya kuvuta kwa mdomo inafungua njia kidogo. Vifuko vilivyokwisha kuharibika havirudi. Mzee akauliza kama atarudi kazini, na daktari akaangalia ile karatasi badala ya kumwangalia yeye.

Siku hizi kuna mashine ya oksijeni chumbani, na inakula stima usiku na mchana. Tokeni zikikaribia kuisha sipati usingizi. Stima ikipotea mtaa mzima, nawasikia huko chini mkipiga mluzi na kucheka gizani, na mimi juu nina tochi mkononi, namfungulia mtungi mdogo wa akiba na kuhesabu dakika. Mshumaa hatuthubutu kuwasha, maana moto na oksijeni havikai chumba kimoja.

Ameacha miaka minne sasa. Lakini mmoja wenu akiwasha hapo chini na moshi ukapanda hadi dirishani, mzee anageuza shingo kuufuata. Bado anaitamani. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, unajisikia vizuri, kisha inashuka, na baada ya saa moja au mbili mwili unaidai tena. Ile raha mnayoniambia inapunguza presha ya kazi ni deni tu la sigara iliyotangulia linalolipwa. Ndiyo maana ninayemhofia zaidi ni yule anayegonga dirisha kabla hajanawa uso. Binti yangu anasema hata madaktari, wakitaka kujua mtu amefungwa kiasi gani, humuuliza anawasha ya kwanza baada ya dakika ngapi tangu aamke.

Najua mtanijibu kwamba guka wa fulani alivuta akafika miaka 90. Ni kweli, tunamwona kwa sababu alibaki. Waliokwenda na miaka 55 hawaji stejini kutuhadithia. Uingereza walifuatilia madaktari wao wenyewe kuanzia 1951 hadi 2001, miaka 50, wakaona wanaoendelea kuvuta hufa mapema kwa miaka 10 hivi kuliko wasiovuta. Lakini sehemu iliyonifanya niandike barua hii ni nyingine. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote hiyo 10. Mwenye 40 alirudisha 9, mwenye 50 akarudisha 6, mwenye 60 akarudisha 3. Mzee wangu aliacha na miaka 61. Wengi wenu hamjafika hata 30.

Sasa neno ambalo mama halisemi mbele ya wanawe, mniwie radhi. Moshi unaharibu mishipa ya damu, na ile midogo huumia mapema. Si ya moyo na miguu tu. Mmenielewa. Kabla hamjampelekea pesa mchuuzi wa mizizi pale Muthurwa, acheni fegi kwanza mwone.

Sigara ya mint ni ileile, ubaridi wake unakusaidia tu kumeza moshi ndani zaidi. Vile vipakiti vya kubana chini ya mdomo havina moshi lakini nikotini imo, na kijana ambaye hajawahi kuvuta hana haja navyo. Kifua kikuu nacho, kwa jinsi tunavyobanana kwenye vyumba hivi, humpata mvutaji kwa urahisi zaidi. Na wewe uliyepata mtoto Machi, unavutia kwenye korido ukidhani umemkinga. Moshi unapita chini ya mlango. Watoto wanaoishi nao hupata nimonia na pumu zaidi, na huyo wako nimesikia kifua chake kikikoroma nilipombeba.

Mnaotaka kuacha, sitawadanganya kwamba ni rahisi. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: utamkaripia abiria bure, utakosa usingizi, utakula kama fundi wa mjengo. Inapungua baada ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ikija hukaa dakika chache tu kisha hupita, hata usipovuta. Mzee wangu alikuwa anakunywa maji polepole huku akihesabu magari. Mkitafuna muguka mtapata shida zaidi, kwa sababu mmezoea kwamba bila fegi handasi, ile stimu yake, haiji, basi angalau mwezi huo wekeni kando vyote viwili. Dukani kwa dawa kuna chingamu na plasta za nikotini zinazosaidia kushuka taratibu. Bei inauma, lakini rudini kwenye ile hesabu ya 58,400. Kuongea na mtu asiyewajua, NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Na msiache kimyakimya. Mwambie dereva wako, mwambie mkeo, ili wajue kwa nini umekuwa mkali.

Mwili hauchelewi kushukuru. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yanaanza kushuka, na baada ya mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo inafika karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Najua mtavuka barabara mkanunue kwa jirani. Siwezi kumfungia jirani kioski chake. Na mauzo yangu yameshuka, nisijifanye shujaa. Asubuhi sigara ndiyo iliyokuwa ikileta watu na chai ikifuata nyuma. Nimeongeza viazi vitamu na uji wa wimbi, tuone.

Kuhusu daftari: jana usiku nilichukua kalamu nikapiga mstari kila palipoandikwa fegi. Hilo deni limekwisha, msiniletee. Ya mandazi na chai sijagusa. Kofia nyekundu, ni 340.

Wenu,
Shosho wa kioski cha kijani