Angalia Miguu ya Yule Mama

Binti yangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na za bibi yako pia. Namshukuru Mungu kwamba huko Tororo nyote ni wazima. Mimi hapa Katwe sijambo. Kile kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimetulia. Ni harufu ya tinna tu, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mwambie bibi asihangaike.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, Kampala ni mji wa namna gani?" Nikakujibu kwamba ni mji wa kelele, kisha salio likaisha. Jibu lile limenikaa kifuani siku tatu. Miaka thelathini na miwili nimekula, nimekulisha na kukusomesha kwa kuchora kuta za mji huu, halafu mwanangu ananiuliza habari zake namjibu kama abiria wa kupita! Kwa hiyo nimekaa chini niandike. Unakuja kusoma sanaa Makerere, na sitaki uujue mji kwa kuambiwa na walimu peke yao.

Wenzako watakuanzia na vilima. Watakwambia ni saba, na kwamba jina la Kampala limetokana na swala waliokuwa wakichunga majani hapo zamani. Sawa, utasikia. Utawaona na kalooli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya miti na majalala kama wazee wa baraza. Mimi mji huu nimeujua kwa vitu ambavyo watu wameviweka kwa mikono yao, na kwa maneno wanayoyasema wakiwa wamesimama kando yake.

Siku ya kwanza nitakupeleka kwenye Sanamu ya Uhuru, karibu na hoteli ya Sheraton. Ni mwanamke mrefu aliyezungushiwa mikanda mwilini, amemwinua mtoto juu, na mtoto kanyoosha mikono mbinguni. Watu hupita pale kila asubuhi wakiwahi kazini, hawainui hata macho. Bibi yako alinipeleka mwaka 1979, nina miaka kumi na miwili. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yameingia mjini mwezi wa Aprili, Amin amekimbia. Kampala Road milango ya maduka ilikuwa imeng'olewa, unakanyaga vioo kila hatua. Nyumbani hatukuwa na sukari wala sabuni, na bibi alikuwa na sisi wanne. Akanisimamisha mbele ya sanamu. Nilidhani ataniambia habari za bendera. Akasema, "Angalia miguu ya huyu mama. Bado amefungwa. Hawezi kutembea, lakini mtoto amemwinua." Hakuongeza neno. Akanishika mkono tukarudi Nsambya kwa miguu.

Tangu siku ile sijaweza kuiona sanamu ile kwa macho mengine. Nimewasikia watu wengi wakiieleza: wengine wanasema mama ni Uganda na mtoto ni taifa jipya, na mikanda ni minyororo ya ukoloni inayofunguka. Huenda ndivyo alivyokusudia mchongaji. Lakini muulize bibi yako kabla hujaondoka. Muulize hasa kuhusu miguu.

Mchongaji mwenyewe ni Gregory Maloba, na aliitengeneza kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962. Nataka ukumbuke jambo moja juu yake: hakuzaliwa Uganda. Kwao ni Mumias, Kenya, upande uleule aliotoka babu yako. Alikuja Makerere akiwa kijana, akafundishwa na Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanza mwaka 1937 kufundisha watu kuchora barazani kwake. Baraza lile ndilo lililokuja kuwa shule unayokwenda, na jina la mama yule bado liko juu yake. Basi sanamu inayochapishwa kila inapotajwa Uganda imetoka mikononi mwa mtu wa kuja. Mtu akikuuliza kwa sauti ile ya kukupima, "Wewe kwenu wapi hasa?", usiinamishe kichwa.

Nakwambia hivyo kwa sababu nimelipata swali hilo. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na nyumba za wafanyakazi wake kule Nsambya zilijaa Waluhya, Wajaluo, Wateso, Waacholi, watu wa kila upande. Tulichoshirikiana ni Kiswahili. Tulicheza kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Lakini mjini lugha hii ilikuwa ya askari. Ndiyo iliyotumika kwenye vizuizi vya barabarani, ikisemwa na mtu mwenye bunduki anayetaka saa yako. Nikianza kusema Kiswahili ndani ya teksi, bibi alikuwa akinifinya paja, wasije abiria wakatudhania sisi jamaa za wanajeshi. Hebu fikiria, mama anamfinya mtoto asiseme lugha aliyomlea nayo! Sasa Katiba imekifanya lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mimi naona mabadiliko kwenye kazi yangu. Mwaka huu kijana Mganda anayeuza viatu katika soko la Owino ameniomba nimwandikie "Karibu Mteja" kwa herufi nyekundu, kwa sababu wateja wake wengi wanatoka Kongo. Niliziandika herufi zile taratibu kuliko ilivyohitajika.

Niruhusu nikueleze kazi moja kwa kirefu.

Kuna kijana wa Kisoga anayekaanga chapati na mayai pale njia panda, hatua chache kutoka chumbani kwangu. Ana meza, jiko la makaa, na kabati dogo la mbao lenye kioo mbele. Alikuja akasema anataka nimchoree rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kwenye ubavu wa kabati. Nikamwambia hiyo nusu saa. Nikapaka rangi nyeupe ya mafuta kwanza, nikaiacha ikauke, nikapiga mstari kwa uzi wa chaki, nikaanza: chapati, mayai mawili, nyanya, kabichi. Alisimama nyuma yangu na sahani mkononi. Nilipomaliza akasema, "Mzee, bado. Nichoree na daraja." Daraja gani? La Jinja, lile jipya la kamba, lililofunguliwa mwaka 2018. Nikamuuliza daraja na chapati vinahusiana vipi. Akasema, "Watu wa kwetu wako wengi hapa. Wakiliona watajua mkono huu ni wa nyumbani."

Basi nikachora, kwa brashi namba mbili, nguzo mbili ndefu zimepanua miguu, na kamba zikishuka kama nyuzi za zeze, na chini mto wa Nile kwa buluu iliyobaki kwenye kopo. Lote halizidi upana wa kiganja. Siku hizi nikipita jioni naona waendesha bodaboda wanne, watano, wamesimama pale, Lusoga linazungumzwa kwa sauti kubwa, mmoja anampelekea salamu mama yake kwa mwenzake anayesafiri kesho. Hawakufika pale kwa sababu ya mayai. Mayai yako kila kona.

Mambo kama haya ndiyo ninayotaka uyatafute. Ukiona kichwa kimechorwa kwenye mlango wa saluni, uliza ni kichwa cha nani. Ukiona maneno nyuma ya teksi, muulize dereva kwa nini aliyachagua. Wengi watakueleza, na wachache watanyamaza kwa namna inayoeleza zaidi. Pita Nasser Road kwa mafundi wa kuchapa, uangalie mabango yao ya wakubwa wa dunia waliovalishwa magwanda ya kijeshi, kisha usimame usikilize wanunuzi wanavyobishana. Siasa ya mji iko pale, mapema kuliko magazetini.

Lakini usidhani nakusifia tu. Mji huu unafuta. Kulikuwa na ukuta mrefu wa maduka niliouchora kwa wiki tatu: fundi cherehani, duka la dawa, muuza samaki wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, kila mmoja na picha yake. Asubuhi moja nikakuta ukuta mzima umepakwa rangi moja, toka mwanzo hadi mwisho, na nembo ya kampuni kubwa katikati. Wenye maduka walikuwa wamepewa rangi bure, na sikuwalaumu, maana plasta ilikuwa imeanza kubanduka na mimi ningewatoza. Fundi cherehani peke yake alitoka nje, akaweka kidole ukutani akasema, "Mkasi wangu ulikuwa hapa." Mpaka leo anapoelekeza mteja humwambia aje kwenye duka la mkasi. Hakuna mkasi, na wateja wanafika.

Huko chuoni nako kuna vitu vya kuangalia kabla ya masomo. Ukipangiwa bweni la Mary Stuart, humo alichora ukutani Theresa Musoke, miaka ya 1960, picha ya uzazi na uhai mpya. Alikuwa msichana wa umri kama wako. Nchi ilipoharibika alikwenda Kenya, akaishi huko miaka mingi akichora wanyama na watu, kisha akarudi. Na katika maktaba kuu iko sanamu ya mti ya Francis Nnaggenda, majeruhi wa vita. Ni mwili uliokatika viungo, na bado umesimama. Aliichonga miaka ya vita ile iliyomalizika 1986. Usiipite haraka. Wako watu hapa mjini, wanaokuuzia ndizi na kukubeba kwa bodaboda, waliopoteza ndugu zao miaka ileile, na hawatakuhadithia mpaka wakuzoee.

Jambo la mwisho, nalo ninalitilia mkazo. Huko darasani nadhani watakufundisha habari za lubugo, nguo ya gome la mutuba. Wasanii wengi wa leo wanaitumia. Ni kweli inapendeza, ina wekundu wa udongo uliolowa. Gome huvuliwa mtini, shina likafungwa majani ya mgomba lisikauke, na mti unaota gome jingine. Lile lililovuliwa hupigwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005. Lakini kabla hujainunua uikate kwa mkasi, nataka uione mahali pake.

Nilikuwa na jirani hapa Katwe, mzee wa Kiganda, fundi wa kufua vyuma. Usiku ule wa Machi 2010 makaburi ya wafalme wa Buganda yalipoungua Kasubi, alikaa kibarazani na redio hadi kulipokucha. Hakulia. Alikuwa akigeuza kofia yake mikononi, inazunguka, inazunguka. Asubuhi alifungua karakana kama kawaida, ila siku hiyo hakupiga nyundo. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, wanawe waliniita niandike jina lake kwenye msalaba. Nikawakuta wanamfunga katika lubugo, moja juu ya nyingine, na kila tawi la ukoo lilikuwa limeleta ya kwake. Chumba kilinuka moshi na udongo. Mmoja wa wanawe, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akilainisha ukingo wa kitambaa kwa kiganja, polepole, kama unavyomlainishia mtoto shuka. Mimi si Mganda, lakini waliniachia nafasi nikashika pembe moja.

Kasubi wameijenga tena, imewachukua miaka mingi, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tutakwenda pamoja. Utavua viatu, utakaa chini kama wanavyokaa wenyeji. Ukisharudi hapo, ndipo ushike mkasi wako kama bado unautaka.

Nimeandika mengi na mkono umechoka. Mambo ya safari sasa. Nauli nimemtumia bibi kwa simu. Panda basi la asubuhi, ukae upande wa dirisha, na usilale mkifika Jinja. Lile daraja mtalipita. Angalia kamba zake zinavyoshuka kutoka kwenye nguzo, zinakaa kwa mpangilio gani, na ukiweza uzichore kwenye daftari hata kwa penseli. Yule kijana wa chapati ananisumbua. Mvuke na mafuta vimelila daraja lake, na mtu mmoja wa kwao alimwambia kamba ni chache, fundi hakuwahi kufika Jinja. Nimemwambia avumilie hadi Jumamosi, binti yangu anakuja na hesabu kamili. Nyeupe ipo. Buluu nitanunua nyingine.

Mwambie bibi mahindi asitume mengi, hapa sina pa kuweka.

Baba yako