pH ikiporomoka: msimwage kitu kabla ya kupima

Wanakikundi, habari za jioni. Maswali ya pH (kipimo cha asidi ya maji) kwenye matangi ya samaki ni mengi, nayajibu kwa pamoja.

pH ya tangi ikishuka yenyewe hadi 6.2, kilichoisha ni kaboneti. Uchafu wa samaki ukishughulikiwa na bakteria wa filta huzalisha asidi kila siku. Kaboneti huimeza mpaka inakwisha, ndipo pH inaanguka ghafla. Basi pimeni na KH, yaani kipimo cha kaboneti majini, kwa digrii. Ikiwa chini ya 3, tatizo mmelipata.

Soda ya kupikia, kijiko kimoja cha chai (gramu 5) kwa lita 50, huongeza KH kwa digrii 3 hivi. Igawe kwa siku nne, iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi, mimina taratibu panapotoka maji ya filta. Magadi hapana, ni makali mno. Hamira ya unga (baking powder) nayo ina asidi na wanga, iacheni jikoni.

Ila amonia, inayotokana na uchafu wa samaki, ipimwe KWANZA. Kwenye maji ya asidi haina makali. pH ikipanda juu ya 7 sehemu yake hugeuka sumu, na samaki wataanza kuhema juu juu. Amonia ikionekana kwenye kipimo, badilisha asilimia 10 tu ya maji kwa siku na punguza chakula, maana hata maji ya bomba hupandisha pH.

Wenye mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wanaotaka 7.8 hadi 8.5: mfuko wa matumbawe yaliyopondwa ndani ya filta unatosha. Wenye neoni (samaki wadogo wa neon tetra), pH ya 6.5 isiyoyumba msiiguse.